Nyumba Nyuma ya Pikapu

Mnunuzi wa kiwanja aliizunguka nyumba yao mara mbili, funguo za gari zikining'inia kidoleni, kisha akaigonga ubavuni kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Na hili kopo?" akamuuliza mwenye kiwanja. "Linaondoka, au niite watu wa vyuma chakavu waje na misumeno yao?"

Ndani ya hilo kopo, nyuma ya cherehani, alikuwamo mke wa nyumba hiyo, na dirisha lilikuwa wazi. Mguu wake ukasimama juu ya pedali. Alingoja mwenye kiwanja aseme neno moja la kiungwana, maana hata suruali aliyovaa siku hiyo alishonewa humo humo. Mwenye kiwanja akajikohoza.

"Wanaondoka," alisema. "Nimeshawaambia, mwisho Jumamosi. Jumamosi ikipita, ni mali yako, kata."

Halikuwa kopo. Ilikuwa trela ya kuishi, ndefu, ya matairi manne, yenye madirisha ya kusukuma na mlango wenye kitasa cha kweli. Mbele zilikaa cherehani mbili za chuma, za aina ile ambayo wanaume wawili huibeba wakitukanana. Katikati kilikuwapo kitanda cha mama mkwe, na nyuma ya pazia cha mke na mumewe. Nyuma kabisa lilikuwapo jiko, na chini ya sinki tangi la maji. Mtu akiishi mahali muda mrefu husahau kwamba chini kuna matairi. Siku hiyo waliyakumbuka, na hakuna hata moja lililokuwa na upepo.

Mahali pa kwenda palikuwapo, na hilo ndilo lililomzuia mke asilie. Shule iliyo ng'ambo ya mlima ilikuwa imemkubalia aegeshe trela nyuma ya stoo yao, ashone sare za wanafunzi na kuishi hapo hapo. Kilichobaki ni kufika.

"Tumwite kaka," alisema jioni, mumewe alipokuwa akinawa.

Mumewe alikuwa dereva wa pikapu ya kubeba mizigo. Mtaani walimwita Gia Moja, kwa sababu alibeba saruji ya watu kama anabeba mayai, na watoto wa shule walimpita kwa miguu. Jina hilo halikumkera. Kilichomkera ni kusikia habari za shemeji yake mwenye lori.

"Kaka yako alisema nini siku nilipoleta posa?"

"Hayo ya zamani."

"Alisema nini?"

Mke akaguna. "Alisema dada yake hatalala kwenye kopo."

"Basi. Leo mnunuzi naye kasema kopo. Nikimwita shemeji aje kuivuta, nitakuwa nimekubali kwa mdomo wangu."

"Na Jumamosi wakiikata, wakaenda kuifanya sufuria? Hilo utalikubali?"

Mama yake Gia Moja alikuwa amejilaza kitandani, lakini masikio hayakuwa yamelala. "Mwache ajaribu," alisema. "Mwanamume asipojaribu kitu anageuka mgonjwa, na mimi sina tena nguvu za kuuguza mtu."

"Mama, na hilo gari lake likivunjika tutakula nini?"

"Halivunjiki," alisema Gia Moja, na sauti yake ikalainika ghafla.

Mkewe akabinya midomo. Pikapu ile alikuwa akiiita mke mwenzake, maana ndiyo iliyooshwa kila asubuhi kabla yeye hajasalimiwa. Lakini usiku ule hakuwa na hamu ya utani. Alimtazama mumewe akijifuta uso kwa taulo muda mrefu kuliko uso ulivyohitaji, akajua kwamba ana hofu.

Fundi wa kuchomelea alikuwa mtu wa maneno mengi. Gia Moja alimwonyesha mahali alipotaka tufe la kuvutia lifungwe, katikati ya bampa la nyuma.

"Bampa?" Fundi akacheka hadi akashika kiuno. "Bampa ni mapambo, bwana. Ukivuta nyumba kwa bampa, wewe utafika, bampa na mkeo watabaki njiani."

Akajilaza chini ya gari. Alipitisha boriti ya chuma kutoka upande mmoja wa chesisi, ule mfupa wa gari, hadi wa pili, akaichomelea, akaikaza pia kwa bolti nene, na katikati yake akafunga tufe la chuma ambalo shingo ya trela hulikalia. Minyororo miwili ikapishanishwa chini ya shingo, ili shingo ikichomoka isianguke barabarani. Nyaya za taa wakazivuta kutoka taa za nyuma za pikapu. Breki za trela zilikuwa zimeng'ang'aniana kwa kutu, na Gia Moja alizifungua mwenyewe, akazisugua kwa msasa mpaka vidole vikawa rangi ya kutu ile. Matairi yakazibwa, yakajazwa. Kwa malipo, fundi alitaka kubebewa mchanga wa nyumba anayojenga hadi ujenzi uishe, na wote wawili walijua kwamba nyumba ile haiishi leo wala kesho.

Ijumaa wakafunga trela. Shingo ilipolikalia tufe, nyuma ya pikapu ikazama, springi zikalia, na pua ya gari ikatazama mawinguni.

Gia Moja akashika kichwa. "Inaumia."

"Inafanya kazi," alisema fundi, huku akikunja nyaya zake. "Punguza mzigo, basi." Akaenda zake.

Hapo ndipo huruma ilipomponza. Mtu mwingine angeshusha vitu, akavibeba kwa safari ya pili. Lakini mafuta ya safari ya pili hayakuwapo, na Gia Moja hakuweza kuitazama pikapu yake ikiwa imechuchumaa vile. Akaingia ndani ya trela, akaanza kusogeza vitu nyuma. Alianza na marobota ya vitambaa, akatoka kutazama. Gari limenyanyuka kidogo. Akarudi kwa cherehani ya kwanza, akiiburuta juu ya gunia, kisha ya pili. Kila alipotoka, pikapu ilikuwa imejiinua zaidi, mpaka mwisho ikasimama sawasawa, imetulia. Akamwita mkewe aje aone.

"Unaona? Hata haijui kama inavuta."

Mkewe hakufurahi kuziona cherehani zake jikoni. Kulikuwa na kitu alitaka kusema, kitu cha zamani, lakini hakikumjia, na vyombo vilikuwa vinamngoja. Mama mkwe naye, bila kuulizwa, alijaza tangi la maji hadi juu.

"Mtu hahamii ugenini bila maji," alisema. Hakuna aliyembishia.

Jumamosi asubuhi walipanda watatu kwenye kiti cha mbele, mama katikati. Walitoka vizuri. Majirani walisimama milangoni wakapunga mikono, na mwanamke mmoja aliyewahi kuwaita watu wa matairi akalia machozi ya kweli. Barabara ya mlimani pikapu iliipanda kwa gia ya kwanza, ikihema. Nyuma yao magari yalijipanga, honi zikaanza.

Basi dogo likawapita, na kondakta akatoa kichwa nje. "Nyie mnahama au mnazika?"

Abiria wakacheka. Miaka yote Gia Moja alicheka na watu waliomcheka, lakini siku ile mama yake alikuwa kando yake na nyumba yake yote ilikuwa nyuma, na neno lile lilimchoma. Walipofika kileleni na barabara ikaanza kuteremka, akaiachia pikapu ikimbie.

Mwanzo trela ilitikisa mkia taratibu, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Akakaza mikono kwenye usukani. Ikatikisa tena, safari hii kwa upana, na nyuma ya pikapu ikavutwa huku, ikavutwa kule, kama kuna mtu amelishika gari kiunoni anacheza nalo. Akakanyaga breki, na breki ikazidisha. Sasa trela ilikuwa inasukuma. Mama alisali kwa sauti, mke akaegemeza mikono kwenye dashibodi, na Gia Moja hakusikia kitu isipokuwa vyuma vikigongana huko nyuma. Kisha gari likaingia pembeni, tairi mbili za trela zikatumbukia mtaroni, na kila kitu kikasimama.

Hakuna aliyeumia. Gia Moja alimpapasa mama yake mabega, akamtazama mkewe usoni, kisha akashuka na kukaa kwenye changarawe.

"Nilitaka kuwaua," alisema.

"Hukutaka," alisema mkewe. Akaketi kando yake. Alikuwa na hasira naye, na alimpenda, vyote kwa pamoja.

Askari wa barabarani alifika kwa pikipiki, akaizunguka trela. Maji yalikuwa yanachuruzika chini ya mlango.

"Nisiikute hii hapa jioni," alisema, si kwa ukali. "Ikiwepo, naita winchi, inakwenda yadi ya polisi. Na yadini, mama, kitu hakitoki kama kilivyoingia."

Alipoondoka, mke alitoa simu kwenye mkoba. Hakumwomba mumewe ruhusa, wala mumewe hakunyanyua uso.

"Kaka," alisema. "Tuko mtaroni."

Mwenye lori aliitwa Tajiri, na jina hilo aliliitikia. Alikuja na lori lenyewe na vibarua wake wawili, shati limenyooka, simu mbili mkononi. Alimwamkia mama kwa adabu, akamtazama dada yake kutoka kichwani hadi miguuni kuhakikisha kwamba amekamilika, kisha akaanza.

"Nilisema. Nilisema mapema, ila kwenu mimi ni adui. Pikapu hii? Pikapu hii ni ya kubeba mchicha."

Kibarua mmoja alitabasamu, akageukia upande.

"Asante kwa kuja, shemeji," alisema Gia Moja.

Hilo Tajiri hakulitegemea, akawageukia vibarua. Walifunga waya wa chuma, lori likavuta, na trela ikatoka mtaroni ikiwa na mkwaruzo mrefu ubavuni. Ikasimama kando ya barabara. Watu waliokuwa wamekusanyika wakapiga makofi, na Tajiri akajinyoosha, akaamuru trela ifungwe kwenye lori ili mambo yaishe.

Hayakuisha. Nyuma ya lori ilikuwa juu, usawa wa kifua cha mtu mzima. Walipoinua shingo ya trela mpaka huko, nyuma yake ikakaa kwenye lami kama mbwa.

"Tutaivuta kwa mnyororo," alisema Tajiri.

"Kwenye mteremko?" Gia Moja aliuliza polepole. "Mnyororo hauzuii kitu, shemeji. Ukifunga breki itakuja kukugonga mgongoni."

Tajiri aliijua kazi yake, na alijua kwamba mwenzake amesema kweli. Jua lilikuwa limeshavuka utosi. Wanaume wale wawili walisimama upande huu na upande huu wa trela, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusema hajui.

Mke alikuwa amefungua mlango. Sahani zilikuwa vipande, godoro la mama lilikuwa limelowa, na huko mwisho cherehani zake mbili zilikuwa zimelala ukutani, jikoni, mahali ambapo hazijawahi kukaa. Akazitazama. Na sasa lile jambo la zamani likamjia lote, na sauti ya mtu anayefoka. Akageuka.

"Kaka, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unachokijua. Nilikuwa nakaa juu ya mzigo, wewe uko chini unanifokea. Ulikuwa unasemaje?"

Uso wa Tajiri ukabadilika. Vibarua wake walikuwa wanasikiliza. Mjini kote ilijulikana kwamba lori la kwanza alirithi, na kwamba baba yao alikuwa mtu wa mali. Hakuna aliyejua ukweli isipokuwa huyu dada, ambaye aliapishwa akiwa bado msichana asiseme maisha yake yote, na hakuwahi kusema, hata kwa mume. Na hata sasa hakuwa amesema. Alikuwa amefika ukingoni tu, akamwachia mwenyewe.

Tajiri akatazama lori lake. Akatazama saa.

"Basi nyamaza," dada alisema, bila ubaya, kwa kuchoka tu. "Winchi itakuja." Akainama, akaanza kuokota vipande vya sahani.

Labda ni ule mgongo wake alipoinama. Labda ni kuona kwamba hata kulia halii. Tajiri alimgeukia shemeji yake.

"Umewahi kuvuta mkokoteni?"

"Hapana."

"Mimi nimevuta."

Kibarua mmoja akacheka, akidhani ni mzaha. Hakuna aliyemfuata.

"Nimevuta pale sokoni, tangu uvulana mpaka kuota ndevu," Tajiri alisema, na kwa kuwa mlango ulishafunguka, akatoa yote. "Viazi, magunia ya chumvi, kabati za watu. Baba hakuacha kitu. Huyu dada yangu nilimpakia juu kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Akikaa nyuma namwambia, sogea mbele! Sogea mbele, utaniua! Kwa sababu ukipakia nyuma, mishikio inaruka juu, miguu inaacha ardhi. Halafu ukikutana na mteremko, wewe si mvutaji tena. Mkokoteni ndio unaokuvuta, na unakwenda utakako wenyewe."

Akavuta pumzi. "Mzigo mzito unakuja mbele, bwana. Unataka mishikio ikulalie viganjani. Inauma. Lakini ikikuuma ndiyo umeimudu."

Alikunjua viganja vyake kuonyesha, lakini miaka ilikuwa mingi na hapakuwa na kitu cha kuona.

Gia Moja alienda kwenye mlango wa trela, akachungulia ndani, akarudi. "Ilizama nyuma nikaona inaumia," alisema. "Nimelihurumia gari, nikamsahau mama yangu kitini."

"Mimi ningefanya nini?" Tajiri alisema. "Nimekuja na lori kuvuta kitu kisichofika hata kwenye bampa lake."

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, na baada yake wakacheka wote, hata kibarua aliyekuwa ameona haya.

Kazi ilianza. Walifungulia tangi, na mama akasimama juu ya maji yale akilalamika mpaka tone la mwisho. Vitanda, marobota, kabati na magodoro yalipanda kwenye lori. Jiko halikung'oka, lilikuwa limepigiliwa nyuma, kwa hiyo cherehani hazikushushwa, zilihitajika mbele kulisawazisha. Wanaume wanne walizirudisha mbele, wakitukanana inavyopaswa, wakazifunga kwa kamba ukutani. Tajiri alikunja mikono ya shati, akaishika shingo ya trela, akajaribu kuinua peke yake. Haikutaka. Akamwita shemeji yake, na wawili pamoja wakaiweza, kwa shida.

"Hapo," alisema Tajiri. "Sasa inalalia viganja."

Shingo ikakalia tufe. Pikapu ikazama, si kama Ijumaa, lakini ikazama. Gia Moja alitazama pembeni kidogo, akaacha ikae hivyo. Akakagua minyororo, akamwomba mkewe akanyage breki ili aone taa, akaongeza upepo kwenye tairi za nyuma. Tajiri aliinama akaishika boriti, akaitikisa kwa nguvu zake zote.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi na fundi."

Akaitikisa tena. "Imeshika," alisema, na kwa mtu yule, neno hilo lilitoka mbali.

Askari wa pikipiki alirudi, akawakuta wanapanda. Mama alikataa kabisa kurudi kwenye pikapu, akapandishwa kwenye lori kama malkia. Gia Moja alikaa kwenye usukani, na mikono ikamgomea. Mteremko ulikuwa mbele yake, mrefu kuliko asubuhi. Mkewe alikuwa ameshaingia upande wa pili na kufunga mlango.

"Wewe panda na mama kwenye lori," alimwambia.

"Nimeshakaa," alisema mke.

Tajiri akaja dirishani. "Sikiliza. Weka gia ya chini toka hapa juu, usingoje ikusukume. Ikitikisa, usikanyage breki kwa hofu, inua tu mguu kwenye mafuta. Na usitazame kioo kuona nani kachoka kungoja. Mimi nitakaa nyuma yako. Atakayepiga honi, atanipigia mimi."

Waliteremka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuazima chumvi. Nyuma yao lori lilijaza barabara, na nyuma ya lori honi zililia, zikachoka. Kila kona Gia Moja alingoja ule mtikiso. Usukani ulikuwa mzito, pikapu ilikuwa nzito, kila kitu kilikuwa kizito na kilikuwa mkononi mwake. Katikati ya mteremko mkewe aligeuza shingo, akatazama nyuma kwa muda.

"Inafuata," alisema.

"Kweli?"

"Inafuata tu, kama mtoto."

Gia Moja alilia kidogo, huku anaendesha, bila kufuta, maana hakuthubutu kutoa mkono.

Walifika shuleni jua likiwa limelala kwenye mabati. Mlinzi aliwafungulia geti, akawaonyesha mahali nyuma ya stoo, pamesawazishwa na kufagiliwa. Waliegesha, wakaweka mawe kwenye matairi, wakainua kona kwa jeki hadi bakuli la maji likakaa sakafuni bila kumwagika upande. Mzigo ulishushwa, vitanda vikarudi, godoro likaanikwa, na mama mkwe, ambaye hakuamini usafi wa mtu mwingine, akapiga deki mwenyewe na maji ya bomba la shule. Alisema maji yao si mabaya.

Vibarua walikuwa wameshapanda kwenye lori. Tajiri alisimama kando yake, akichezea simu isiyolia. Kila alipokuja kumwona dada yake miaka hiyo yote, aliongea naye kutoka dirishani mwa lori, injini ikiwa inanguruma, na kila mara alikuwa na haraka.

"Kaka, karibu chai," alisema dada yake kutoka mlangoni.

Tajiri akasogea hadi kwenye ngazi. Akasimama. Kisha akainama, polepole kwa sababu ya kitambi, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Ingia navyo tu, shemeji," alisema Gia Moja. "Sakafu yenyewe bado ina tope."

Tajiri aliendelea kufungua. Alivua kimoja, akavua cha pili, akavipanga kando ya ngazi.

"Siingii na viatu nyumbani kwa watu," alisema.